Nilisomea Shimoni

Saa moja kasoro dakika nne asubuhi, Jumatatu tarehe 31 Machi, nguzo ya kipimo juu ya mlima Javorka ilionyesha namba mbili. Moja ilikuwa 95. Nyingine ilikuwa 84. Niliandika 84.

Kwa msomaji anayeingia leo: mimi ni Želmíra Sivoková, nina miaka arobaini na minane, mkazi wa Lehotka, kijiji cha kaya sitini na tatu zinazoumiliki mlima huu kwa pamoja tangu enzi za mababu. Nilikuwa mwalimu wa jiografia hadi shule ilipofungwa kwa kukosa watoto. Tangu hapo napima theluji. Katika wiki zilizopita nimeeleza jinsi tulivyoikodisha Javorka kwa Kampuni kutoka Bratislava, jinsi mume wangu alivyopunguzwa kazi akaenda Austria na kunyamaza hukohuko, na jinsi Mhandisi Kostolný, mkurugenzi wa Kampuni huku milimani, alivyoniwekea karatasi mezani Jumapili mchana.

Karatasi ilikuwa nakala ya ukurasa mmoja wa ukaguzi wa lifti, ule waya wenye viti unaopandisha wateja juu ili wateleze kwenye theluji. Ilisema kwamba tarehe 14 Februari vibano vyote vinavyoshika viti kwenye waya vilikaguliwa. Chini kulikuwa na saini ya mdogo wangu Vendelín, fundi wa lifti. Siku hiyo Vendelín hakuwepo Javorka. Alikuwa Studená, mlima mwingine wa Kampuni, akitengeneza lifti ya huko kwa amri ya Kostolný mwenyewe. Alirudi jioni akasaini bila kukagua. Zamani mafundi walikuwa wanne. Sasa yuko mmoja, milima miwili.

"Kwa saini kama hii mtu hunyang'anywa leseni," Kostolný aliniambia. "Wengine hupelekwa mahakamani. Sipendi kufika huko."

"Unataka nini?"

"Kesho usome nguzo pale inapoingia kwenye theluji. Basi."

"Hatusomi pale."

"Sikuombi udanganye, Bi Sivoková. Nakuomba usome namba utakayoiona kwa macho yako."

Nieleze. Jua la Machi huipasha nguzo joto, na theluji inayoigusa huyeyuka kabla ya nyingine. Kuizunguka huchimbika kishimo kama bakuli. Kwa hiyo tunasimama hatua mbili mbali, tunainama mpaka jicho lilingane na uso wa theluji, ndipo tunasoma. Kanuni hiyo iko ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa mwandiko wangu. Anayesomea shimoni hupata pungufu. Lehotka hata watoto wanajua.

Na mkataba wetu na Kampuni unasema hivi: tarehe 31 Machi, saa moja asubuhi, nguzo ikionyesha sentimita tisini au zaidi, lifti itaendeshwa hadi Mei mosi. Ikionyesha pungufu, Kampuni inaweza kufunga. Misimu miwili mfululizo ikifungwa kabla ya Mei mosi, Kampuni ina haki ya kuing'oa lifti na kuihamishia popote.

Mwaka jana ilifungwa. Theluji ilikuwa haba kweli, hakuna aliyebisha. Mwaka huu ulikuwa wa pili.

Niliandika 84 saa moja kamili. Saa moja na dakika ishirini tangazo la kufunga msimu lilikuwa limeshatundikwa kituo cha chini, limefunikwa plastiki. Mashine ya kufunikia karatasi kwa plastiki iko Studená tu, mwendo wa dakika arobaini kwa gari. Fanya hesabu mwenyewe.

*

Pale kituo cha chini kuna kantini ya Shangazi Hermína. Supu ya kabichi, mikate ya maziwa, chai yenye pombe kidogo kwa anayetetemeka. Niliingia saa mbili na nusu. Mjomba Imro alikuwa ameshakaa. Ana miaka sabini na moja, ni mwenyekiti wa umoja wetu wa wenye mlima, na ndiye aliyenifundisha kusoma nguzo.

"Themanini na nne," alisema bila salamu. "Jana tisini na tisa. Usiku baridi. Imekwenda wapi, imepanda basi?"

"Ndivyo nilivyosoma, mjomba."

"Umesomea wapi?"

"Kwenye nguzo."

"Nguzo ina urefu wa mita tatu. Nauliza jicho lako lilikuwa wapi."

"Imro, mwache anywe supu," alisema Shangazi Hermína.

"Asinywe. Aseme."

Niliinamia supu. Mjomba akalivuta bakuli langu upande wake akaanza kuila yeye. Shangazi hakumzuia.

"Unajua watakachofanya," aliniambia huku anakula. "Juni watakuja na kreni. Vuli lifti yetu itakuwa Studená inabeba watu wa hoteli yao. Sisi tutabaki na nguzo yako. Utatupimia nyasi."

Alikuwa sahihi, na sababu yake si fumbo. Kampuni huuza kadi moja ya msimu kwa milima yote miwili, na huiuza vuli. Ikifika Aprili mteja amekwisha kulipa. Kila siku Javorka inapokuwa wazi mwezi huo ni umeme, dizeli na mishahara bila mteja mpya hata mmoja. Ikifungwa, mwenye kadi anakwenda Studená, analala hotelini mwao, anakula kwao. Tulipoiendesha wenyewe, msimu ulikwisha theluji ilipokwisha, kwa wastani siku mia moja thelathini na moja. Chini ya Kampuni, inayochelewa pia kufungua, umekuwa siku 118, kisha 97, kisha 71. Tarehe ya kufunga huandikwa Bratislava mwezi Oktoba, kabla chembe ya theluji haijaanguka.

Haya yote niliyajua nilipoandika 84. Sitaki mtu aseme nilikuwa sielewi.

*

Saa nne Vendelín alinikuta nje ya kantini. Mikono yake ilikuwa na grisi hadi viwikoni.

"Nasikia unanilinda," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Kostolný. Kanipigia simu kunipongeza kwa kuwa na dada mwenye busara."

Sikutegemea hilo. Nilidhani mtu anayekutisha kwa siri huitunza siri. Lakini yeye alikuwa ameshapata namba yake, na sasa alitaka Vendelín naye ajue yuko mfukoni mwa nani.

"Ungefungwa," nilisema.

"Labda. Au ningenyang'anywa leseni nikachunga kondoo. Kondoo wana adabu kuliko ninaofanya nao kazi. Nani alikuomba?"

"Wewe ni mdogo wangu."

"Nina miaka arobaini na miwili, Želmíra. Nguzo kumi na nne, viti mia moja na nane, waya wa kilomita moja na nusu. Umeviuza vyote ili mimi nilale vizuri. Hukuniuliza hata kama nina usingizi."

"Ulisaini bila kukagua."

"Nilisaini. Kosa langu. Nilivikagua kesho yake, kimoja kimoja, ila hiyo haimo kwenye karatasi. Sasa kosa lako liko wapi kwenye karatasi?"

Nilimwambia liko daftarini, mstari wa mwisho.

"Basi kalifute."

"Haifutwi. Inarekebishwa."

Ndivyo mkataba unavyosema. Kosa la kusoma laweza kurekebishwa siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, palepale kwenye nguzo, mbele ya wajumbe wawili wa kamati ya wenye mlima, nao wasaini walichokiona. Kifungu hicho nilikipendekeza mimi, miaka minne iliyopita. Nakumbuka nilijisifu.

*

Mjomba Imro aliitisha mkutano saa tisa alasiri katika ukumbi wa kijiji. Wanakaya arobaini na wawili walikuja. Kostolný alikuja pia, na buti safi na mkoba mwembamba. Aliketi mstari wa mbele kama mzazi siku ya maonyesho ya shule.

Nilisimama nikasema. Nilisema namba zote mbili. Nilisema nilisomea shimoni kwa makusudi, na sikutaja sababu.

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Na wewe umeanza lini kula mshahara wa Kampuni?" Mwingine akasema, "Alimfundisha mwanangu ramani huyu." Hakulisema kama sifa.

"Kwa nini?" aliuliza Mjomba Imro.

Vendelín akainuka.

"Kwa sababu yangu," alisema. Akaeleza ukurasa wa tarehe 14 Februari, nani alimtuma Studená siku hiyo, nani alijua, nani aliitunza nakala. Alisema polepole, kama mtu anayesoma maelekezo ya mashine. "Bwana Mhandisi sasa hana cha kumtishia nacho dada yangu. Kila mtu hapa amesikia. Nipelekeni mnakotaka, lakini baada ya yeye kurekebisha daftari."

Watu walianza kugonga meza kwa viganja. Nilidhani tumeshinda.

Kostolný alisubiri wamalize.

"Nashukuru kwa ukweli wenu," alisema. "Fundi Vendelín amekiri mbele ya watu arobaini kwamba lifti hii haikukaguliwa Februari. Mimi ni mkurugenzi. Nikiruhusu mtu aipande sasa hivi, nitakuwa mwendawazimu." Alimnyooshea Vendelín mkono. "Ufunguo."

"Ilikaguliwa tarehe kumi na tano," alisema Vendelín.

"Imeandikwa wapi?"

Vendelín aliushika ufunguo mfukoni.

"Ufunguo, tafadhali. Akija mkaguzi wa serikali akairuhusu, utarudi. Leo haibebi mtu."

"Bwana Mhandisi," alisema Mjomba Imro, "wewe theluji umeijua kwenye picha. Usitufundishe mlima."

"Sifundishi mlima. Nafunga lifti. Kurekebisha daftari ni haki yenu. Nguzo iko juu, nendeni."

Nilitafuta kosa katika maneno yake, sikulipata. Vendelín alimpa ufunguo.

Mashine ya kusawazisha theluji, ambayo ingetupandisha kwa dakika ishirini, ilihamishiwa Studená tangu tarehe ishirini. Pikipiki ya theluji ya waokoaji pia. Kutoka kituo cha chini hadi kwenye nguzo ni mita mia nne themanini kwenda juu. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. Jua lingezama saa moja na dakika nane.

Kamati ina wajumbe watano. Wawili wanafanya kazi Austria. Mmoja yuko hospitali Brezno na nyonga mpya. Waliobaki ni Mjomba Imro, na Shangazi Hermína ambaye ni katibu.

"Mara ya mwisho nilipanda kwa miguu nikiwa mchumba," alisema shangazi akivua aproni.

"Na ulilalamika njia nzima," alisema Mjomba Imro.

"Mchumba hukuwa wewe."

*

Tulivaa mbao za kupandia thelujini, zile zenye ngozi chini zisiteleze kurudi nyuma. Vendelín alitangulia kufungua njia. Mimi nilikuwa wa mwisho, daftari ndani ya koti.

Kuna jambo sikuwaambia. Katika siku tatu zilizopita kina cha theluji kilipungua sentimita nne, tatu, nne. Tulikuwa na ziada ya tano. Asubuhi kulikuwa na baridi nyuzi tatu chini ya sifuri. Saa sita mchana kipimajoto cha kantini kilionyesha nyuzi kumi na moja juu, na upepo uligeuka ukavuma kutoka kusini. Theluji inayopigwa na upepo wa kusini hujikalia kama unga kwenye kopo. Nilikadiria tungekuta 91. Nilikuwa nimekadiria kwa matumaini, jambo ambalo nilikuwa nikiwakata maksi wanafunzi kwa ajili yake.

Lifti ingetufikisha juu saa kumi na robo, theluji ikiwa bado na nafasi. Tulipita chini ya viti vyake vilivyosimama. Hakuna aliyeviangalia.

Katikati ya njia Mjomba Imro aliketi juu ya mkoba wake.

"Nisubirini dakika."

"Tuna dakika," alisema Vendelín. "Hatuna nyingi."

"Wewe ungesaini kwa akili Februari, sasa hivi ningekuwa nimekaa kwenye kiti cha lifti."

"Kweli, mjomba."

"Na wewe," aliniambia mimi, "usidhani umesamehewa kwa sababu umesema ukumbini. Umesema kwa sababu umebanwa."

"Sikubanwa. Ningeweza kunyamaza."

"Ulinyamaza asubuhi, ukala... hapana, mimi ndiye niliyekula." Alifikiri. "Supu ilikuwa na chumvi nyingi, Hermína."

"Ilikuwa ya Želmíra. Yako ningeitia zaidi."

Alisimama, tukaendelea.

*

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja jioni tulifika kwenye nguzo. Ilikuwa imesimama wima, haijaguswa. Hapakuwa na nyayo zaidi ya zangu za asubuhi.

Nilihesabu hatua mbili. Nililala kifudifudi, nikalinganisha jicho na uso wa theluji.

89.

Nilimwita Vendelín alale pale pale asome.

"Themanini na tisa," alisema.

Mjomba Imro alipiga magoti kwa shida, akasoma, akafikicha macho.

"Jicho langu la kulia lina ukungu," alisema mwishowe.

"Na la kushoto?"

"La kushoto linaona themanini na tisa."

Sentimita moja. Asubuhi zilikuwa tano za ziada. Zimeyeyuka wakati sisi tunajadiliana, tunagonga meza, tunapanda kwa miguu. Niliwaeleza jinsi ilivyotokea. Pia nilikiri kuwa nilijua tangu chini kwamba inaweza kutokea. Vendelín alitukana, mara moja, bila kupaza sauti.

"Asubuhi ilikuwa tisini na tano au haikuwa?" aliuliza Mjomba Imro.

"Ilikuwa."

"Utaapa?"

"Naapa."

"Basi andika tisini na tano. Ndiyo kweli."

"Mkataba unasema mtasaini mlichokiona, mjomba."

"Nimeona mengi maishani. Andika."

Niliandika: saa moja asubuhi, 95, kwa kanuni ya ukurasa wa kwanza. Chini yake niliandika maneno ya mkataba: sisi tuliosaini tumeiona nguzo na tunathibitisha namba hii. Mjomba Imro alisaini saa kumi na mbili na dakika arobaini na sita. Akampa kalamu Shangazi Hermína.

Shangazi hakuangalia daftari. Aliangalia nguzo.

"Želmíra," alisema. "Asubuhi uliandika kitu ulichokiona, ili useme uongo."

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa unataka niandike kitu nisichokiona, ili niseme kweli."

"Ndiyo."

"Na Kostolný akitupeleka mahakamani, akaniuliza mimi uso kwa uso uliona ngapi?"

"Shangazi, ni lifti," alisema Vendelín.

"Najua ni lifti. Nimepika supu chini yake miaka thelathini na moja. Mume wangu alikufa akiwa zamu pale kwenye mlango wake. Usinieleze lifti ni nini."

"Hermína," alisema Mjomba Imro, "wao tangazo walilitundika kabla ya kipimo. Wao hawakuona chochote kabisa."

"Ndiyo maana siwapendi."

Aliurudisha mfuniko kwenye kalamu. Ulilia kidogo, kama mifuniko ya kalamu inavyolia. Alisimama nayo mkononi, macho kwenye nguzo, na sisi watatu tukamwacha. Vendelín alianza kufungua ngozi za mbao zake. Mjomba Imro alikuwa anapumua kwa mdomo. Nilishika daftari wazi kwa mikono miwili ili upepo usigeuze ukurasa.

Saa yangu ilionyesha saa moja kamili. Jua lilikuwa limegusa ukingo wa Studená.

Saa moja na dakika tatu, zikiwa zimebaki dakika tano, aliufungua tena mfuniko, akaliinamia daftari.